Kuhasi Majike

Mzee Lokuruka alisema maneno machache, na kwa mtu anayependa sauti yake kama yeye, huo uchache ndio ulionitisha. Alisimama pembeni ya shamba letu kule Kakuma, kando ya Tarach, ule mto wa mchanga unaokumbuka kuwa mto mvua ikinyesha mbali. Fimbo ilikuwa mabegani, mikono imening'inia juu yake kama nguo zilizoanikwa. Akaliangalia ua la zambarau lililosimama katikati ya mahindi yangu, akasema:

"Akidor, msimu ujao nikiona hii ua tena, shamba nafunga."

"Unafunga na kufuli gani, mzee? Shamba halina mlango."

Hakucheka. Nyibol naye hakucheka, na Nyibol huwa ananicheka hata nikiwa sijasema kitu.

Nyibol ndiye mwenzangu wa jembe. Ni Mdinka, alifika kambi ya wakimbizi na mtoto mgongoni, na huyo mtoto sasa ana ndevu. Mimi nina ardhi na magoti mabovu, yeye ana mgongo mzima na hana ardhi. Tukajiunga, tukawa mkulima mmoja.

Nisimsingizie Lokuruka. Yeye ni mwenyekiti wa mashamba ya pale, na lile ua si la kuchekea. Ni zuri, msichana angeweza kulichomeka kwenye shanga. Lakini huko chini limeshika mzizi wa mahindi, linanyonya. Mahindi yanabaki yamesimama, ya manjano, yamechoka kama mimi. Mbegu zake ni laini kuliko ugoro. Upepo ukivuma zinahamia kwa jirani, mbuzi akipita zinapanda kwato. Jina lake la Kiswahili ni gugu chawi, na jina hilo lilipofika Kakuma likatumaliza. Watu wakaanza kuzunguka mbali na shamba letu. Mmoja akanishauri nichinje mbuzi mweusi. Nikamwambia mbuzi nitachinja, lakini hilo gugu halitaonja hata utumbo.

Tulikuwa tumeling'oa kwa mikono, msimu baada ya msimu. Ukiling'oa leo, kesho wenzake wametokea. Ndiyo sababu niliposikia kwamba Lodwar kuna daktari wa mahindi anayetafuta wanawake wa kumsaidia, nikafunga shuka langu nikaenda kukaa kwa wifi yangu, Nawoi. Ahadi ilikuwa wazi: atakayefanya kazi atakuwa wa kwanza kupata mbegu zinazolishinda gugu. Nilizitaka hizo mbegu kuliko nilivyowahi kumtaka mwanamume, na marehemu mume wangu anisamehe.

Daktari mwenyewe aliitwa Awino. Mjaluo, mwembamba, kofia kubwa, viatu vimejaa mchanga tangu asubuhi. Nilipokuwa namfurahisha aliniita *dani*, yaani bibi kwa kwao. Nilipomuudhi aliniita Mama Akidor. Shamba lake lilikuwa kando ya mto Turkwel, limezungushiwa miiba ya mathenge, maji yakidondoka kwenye mipira. Kila saa tisa upepo wa Lodwar ulikuja kutumwagia mchanga machoni, kama mtu aliyelipwa.

"Mahindi haya ni ya namna mbili, dani," alinieleza siku ya kwanza. "Huyu mama ni mgumu. Gugu likimgusa mzizi halipati kitu, linakufa njaa. Si kila mara, lakini mara nyingi. Shida yake anachelewa kuzaa, mvua ya huku inamwacha njiani. Huyu baba anawahi sana, ila gugu linamla mpaka mifupa. Mimi nataka mtoto wao. Ugumu wa mama, haraka ya baba."

"Kwetu haraka ya baba ndiyo inaletaga shida."

Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Nikajua tutaelewana. Hapo ndipo nilipokosea.

Alieleza mengine mengi baadaye, kwa urefu, juani, kuhusu ua la kiume linaloota kichwani mwa hindi na nywele za kike zinazotoka kwenye gunzi. Nakiri sikusikia yote. Nina ufundi wa kulala macho wazi, na siku hiyo niliutumia. Nawoi alikuwa macho, lakini Nawoi akisikia jambo hulibeba kama maji kwenye kiganja.

Basi mahindi yakakua. Mistari ya mama, halafu mstari wa baba, halafu ya mama tena. Majani yakafika kifuani. Siku vichwa vilipoanza kuchungulia, simu ikaja kutoka Kakuma kwamba punda wameingia kwenye mahindi yake mengine ya majaribio huko. Awino alikuwa tayari juu ya boda boda, mkoba kifuani, macho mekundu kwa kukosa usingizi, alipotupigia kelele:

"Kesho asubuhi, mistari yote ya majike mhasi! Dume lisiguswe! Sawa, dani?"

"Sawa!"

Pikipiki ikaondoka. Nawoi akaniangalia.

"Amesema nini?"

"Amesema tuhasi."

"Nani?"

Asubuhi tulikusanyika wanawake wote wa kikundi, tukaanza kwanza kwa kucheka, maana kwetu kuhasi ni kazi ya wanaume, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuombwa. Kisha Nawoi akaturudisha.

"Alisema majike."

"Nawoi, wifi yangu, wewe ulizaliwa zizini au dukani? Nani alihasi jike? Unaanzia wapi? Unashika nini?"

"Lakini ndivyo alisema."

"Kiswahili ni lugha ya kuazima. Yeye ameazima, sisi tumeazima. Usingizi ulikuwa umemkamata, maneno yamepishana mlangoni. Alitaka kusema dume lihasiwe, jike lisiguswe. Hata mtoto wa kuchunga mbuzi anajua."

Wakasema kweli. Hata Nawoi akasema kweli, ingawa baadaye aliapa hakusema.

Tukaingia kwenye mistari ya baba. Ukishika lile ua la juu ukalivuta vizuri, linatoka na mlio mdogo, *nyiii*, kama mtoto aliyekatizwa kunyonya. Tulivuta kwa bidii. Tukafika kwenye baba wa mwisho, mrefu, mnene wa shingo, amependeza kweli, na hapo nikawazuia.

"Huyu aachwe."

"Kwa nini?"

"Mbuzi mia unaacha beberu wangapi?"

"Mmoja."

"Basi."

Tukamwacha. Tuliona tumefanya kazi ya watu wenye mifugo, si ya watu wa jembe tu. Yale maua tuliyoyang'oa tukayabeba kwa shuka mpaka zizini kwa Nawoi, na mbuzi wakayala wote wakilia kwa raha.

Awino alirudi akiwa amefunikwa vumbi mpaka kope. Alitembea kwenye mstari wa kwanza, akasimama. Akatembea kwenye wa pili. Kisha akapindua ndoo, akaketi juu yake, akavua kiatu kimoja, akamwaga mchanga polepole, kama mtu anayetafuta jambo la kufanya kabla ya kusema.

"Dani. Mmehasi nani?"

"Madume."

"Madume."

"Isipokuwa mmoja. Wa kundi."

"Na haya majike yenye maua kichwani?"

"Hayo ni majike, daktari. Jike halihasiwi."

Akavua kiatu cha pili.

"Maua ya baba yako wapi?"

Hapo nyuma ya ua wa miiba, beberu wa Nawoi akacheua. Sikumtuma.

Awino akafunika uso kwa kofia. Mabega yakatikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Baadaye nikadhani anacheka, kumbe analia. Kwa mtu aliyechoka, hao wawili wanakaa nyumba moja.

"Nilitaka mama asiwe na unga wake mwenyewe, ule wa ua la kiume," alisema kutoka ndani ya kofia. "Jike akiwa na ua kichwani anajizalisha peke yake. Ukiling'oa, anangoja unga wa baba. Ndiyo hiyo tu. Kwenye vitabu vyetu tunaita kuhasi. Neno baya. Neno langu baya."

"Hapana, ni masikio yetu."

"Ni neno, dani." Akainua uso. "Kwetu hili gugu tunaita *kayongo*. Mama yangu alikuwa analing'oa akiimba. Siku moja akaacha kuimba, na akaendelea kung'oa. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nilisikia ile siku aliyoacha."

Mimi nilikuwa naliona shamba langu la Kakuma, na Lokuruka anatafuta kufuli.

Halafu akasimama, bila viatu, mchanga ukimchoma, akaenda mpaka kwa yule dume mmoja. Akamtazama juu mpaka chini.

"Kati ya wote mmechagua mrefu. Mimi nilitaka anayewahi, si mrefu."

"Hata waume tulichagua hivyo hivyo," Nawoi akasema.

"Basi atatufaa huyu huyu. Kuna magunzi ambayo nywele bado hazijatoka. Hayo hayajaharibika. Tukiyafunika leo, na tukiwatoa majike..." Akafungua mdomo kusema lile neno, akaufunga.

Tukaangaliana wote. Neno hakuna. Nikasema, "Tuwanyoe?" Akaruka: "Hapana! Nikisema kunyoa mtakata nywele za magunzi!" Na kwa kweli tungekata.

Ni Nawoi aliyekuwa ameinua macho juu ya mistari ya majike, ambako yale maua yalikuwa yakiyumba kwa upepo, mepesi, yamejaa majivuno.

"Wamevaa unyoya," akasema.

"Unyoya gani?"

"Wa mbuni. Angalieni. Kama vijana wanaenda ngoma. Mwanamke anavaa unyoya wa mbuni?"

"Wapi!" tukasema wote.

"Basi wavuliwe."

Awino aliliangalia shamba, akatuangalia sisi, na kwa mara ya kwanza siku ile mabega yake yakashuka. "Kila mwanamke aliyevaa unyoya," akasema taratibu, "mvueni. Mwanamume mwachieni wake."

Jua halijafika utosini kazi ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyeuliza swali. Tukafunika yale magunzi safi kwa mifuko ya karatasi. Kuanzia hapo, kila asubuhi Awino alikuwa akimtikisa yule dume kichwa ndani ya mfuko, kisha anakwenda kwa mke mmoja mmoja, anafunua, ananyunyiza, anafunika. Mume mmoja, wake wa shamba zima. Hata Lokuruka, ambaye wake zake hawaenei kwenye kivuli kimoja, asingeweza. Nilimshikia mifuko mpaka ule wa mwisho. Hakuniita Mama Akidor hata mara moja, na hilo liliniuma zaidi.

Tulipovuna, mbegu za kweli zilienea ndani ya kofia yake.

Aliziangalia muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeketi kando yake, nafukuza nzi ambao hawakuwepo.

"Dani, hizi siwezi kukupa."

"Najua."

"Nikikupa, zimekwisha. Lazima nizipande tena hapa, ziongezeke."

"Nimesema najua." Nilijua, lakini nilikuwa nimetumaini kwamba ninachojua si kweli. "Na zile za gunia?"

Gunia lilikuwa na mahindi ya wale majike waliojizalisha peke yao kabla hatujawavua unyoya.

"Hizo ni watoto wa mama tu. Wagumu kama yeye, gugu litapata taabu nao. Lakini watachelewa. Mvua ya Kakuma haitawangoja, dani. Hutavuna."

"Lokuruka hakuniuliza mavuno. Aliniuliza ua."

Akaniangalia. Akachota, akanijazia kitambaa, akafunga fundo yeye mwenyewe, kwa nguvu, kama mtu anayefunga kidonda.

Mvua ilikuja Kakuma, nami na Nyibol tukapanda. Nilimweleza habari yote. Nilipofika kwenye beberu aliyecheua, alilala chini.

"Kwa hiyo hii mahindi haina baba," akasema alipopata pumzi.

"Haina."

"Kambini wako wengi hivyo. Wanakua tu."

Na kweli yalikua. Kijani, magumu, hayana haraka na mtu. Kila siku tulipita kwenye mistari tumeinama, tunatafuta rangi ya zambarau, na hatukuiona. Nilianza kulala vizuri. Halafu mvua ikakoma, kama Awino alivyosema, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanavaa unyoya. Nyibol akabeba maji kwa mtungi kutoka bombani, alfajiri na jioni. Mimi nilibeba kwa sufuria, nikimwaga nusu njiani. Tulimwagilia mpaka siku alipoutua mtungi katikati ya shamba, hata hakuumwaga.

"*Kalas*, mama. Imetosha."

Magunzi yalikuwa na punje moja hapa, nyingine kule, kama kinywa changu. Tukachoma machache, tukala tumesimama. Mabua tukayaacha kwa ajili ya mbuzi, na kwa ajili ya Lokuruka ayaone.

Asubuhi aliyopanga kuja na wazee wenzake, tuliwahi kuzunguka mara ya mwisho. Nyibol akanishika mkono.

"Mama. Pale."

Moja. Chini ya jani lililokauka, dogo, zambarau, limefunguka vizuri kama limealikwa. *Si kila mara, lakini mara nyingi*, alisema daktari. Hii ndiyo ile mara nyingine.

Nikaliinamia, nikaling'oa na mzizi. Na hapo hapo nikasikia kikohozi cha Lokuruka upande wa pili wa miiba. Nguo yangu haina mfuko. Kulitupa ni kumpelekea jirani. Kulifukia ni kulipanda. Nyibol alikuwa amenyoosha kiganja, lakini kiganja cha Nyibol wazee wangekisalimia.

Nikalitia mdomoni. Shavuni nilikuwa na tumbaku yangu ya asubuhi, basi likakaa nayo huko.

"*Ejok*, Akidor."

Salamu kwetu haiachwi chini. Nikatikisa kichwa. Wazee wakaangaliana.

"Huyu ana nini?" Lokuruka akauliza.

"Jino, mzee," Nyibol akasema. "Inauma sana."

"Jino? Akidor bado ana jino?"

Wazee wakacheka. Majibu yalinijaa, mazuri, makali, majibu ambayo yangemrudisha kwa mke wake mdogo akiwa ameinamisha kichwa. Yakafika mlangoni, yakakuta ua limekaa. Nikayameza. Lile ua lilikuwa chungu, uchungu wa kukausha ulimi, na juisi ya tumbaku ilikuwa inapanda.

Lokuruka alitembea shamba lote. Hakuharakisha. Aligeuza majani kwa fimbo, akainama penye kivuli, akachuma gunzi moja akalimenya, akaziona zile punje, akalirudisha chini polepole. Alipomaliza akaja mbele yetu, akaweka kile kigoda chake kidogo cha mti, akaketi. Niliona jinsi magoti yake yalivyokataa kabla ya kukubali. Kumbe tuna magoti ya aina moja.

"Chakula hamkupata."

"Hatukupata," Nyibol akasema.

"Na maji mmebeba. Nimeona nyayo mpaka bombani."

"Tumebeba."

Akayaangalia mabua. Kisha akaniangalia mimi, akauangalia mdomo wangu, na sijui kulikuwa na rangi gani pembeni yake.

"Ua sijaona," akawaambia wenzake. "Shamba ni lao."

Wazee wakageuka kuondoka. Yeye akasimama kwa fimbo, kidogo kidogo, akajifutia mchanga, na alipokuwa akipita karibu yangu akasema bila kunitazama:

"Hilo jino, Akidor, vizuri umeling'oa na mzizi. Ungengoja litoe mbegu, ningefunga kinywa."

Ndipo nikameza. Vyote, tumbaku na ua. Nilipata kwikwi mpaka Nyibol akanipiga mgongoni kama anatwanga.

Tuliketi kwenye kivuli chembamba cha mabua. Juzi Awino alikuwa amenitumia ujumbe kwamba zile mbegu za kofia zimeota zote Lodwar, zimefika magotini, na kwamba msimu ujao fungu langu liko. Msimu ujao. Nilimwonyesha Nyibol ule ujumbe tena, ingawa alishausoma.

"Kweli umemeza?" akaniuliza.

"Nimemeza."

"Ikiota ndani?"

"Daktari anasema haioti mpaka isikie harufu ya mahindi."

Nyibol akaliangalia tumbo langu, akayaangalia yale magunzi chini.

"Basi itangoja, mama."

"Ingoje," nikasema. "Si imetukuta tukingoja."